Kuingia Chuo Kikuu ni Jambo Moja, Kuhitimu ni Jingine

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana wa Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam.



Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba nyingi za Chanika hujaa furaha. Mama hupiga vigelegele, jirani huja kutoa pongezi, na mzee wa nyumba hutembea kifua mbele. Furaha hiyo ni halali. Kijana aliyetoka shule ya msingi ya kata, akapita kidato cha nne, akavuka kidato cha sita, na hatimaye akapata nafasi katika chuo kikuu, ameshinda vizingiti vingi ambavyo wenzake wengi hawakuvivuka.

Lakini leo nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo halipigiwi vigelegele. Nalo ni hili: kati ya wale wanaoingia, ni wangapi wanaotoka na shahada mkononi? Na wale wasiotoka nayo, wamekwenda wapi, na kwa sababu gani? Suala hili linamhusu mkuu wa chuo, linaihusu serikali, na linatuhusu sisi wazazi. Kijana anayeacha masomo katikati harudi kwa mkuu wa chuo. Anarudi hapa Chanika, Zingiziwa, Buyuni na Majohe.

CHUO KILIPOANZIA

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa ni chuo kishiriki kilichofuata mitaala ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria tu, hata 15 hawakufika. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka ile idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwalimu alimjua kila mwanafunzi kwa jina. Serikali ndiyo iliyobeba gharama za masomo, chakula na malazi. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kuingia katika siasa kwa ukamilifu alikuwa akifundisha hapo jirani, Pugu, hadi mwaka 1955, alipenda kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi na chakula, amekisaliti kijiji.

Mfano huo tumeusikia mara nyingi, na kila mara tumeutumia kumwonya mwanafunzi. Ni haki aonywe. Lakini mfano huo una upande wa pili ambao hatuutazami. Je, ikiwa mtu yule ameanguka njiani? Je, ikiwa kijiji kilimpa chakula cha siku mbili kwa safari ya siku nne? Je, ikiwa njia haikuwa na maji? Hapo kijiji kimepoteza mara mbili: kimepoteza chakula, na kimempoteza mtu. Kijiji chenye akili hakitaishia kumlaumu aliyeanguka. Kitakwenda kuitazama njia.

HESABU INAYODANGANYA

Ndugu wananchi, siku ya mahafali tunaona majoho, tunasikia idadi ya wahitimu ikisomwa, na tunapiga makofi. Idadi ile ni ya kweli. Hata hivyo, inaweza kutuficha jambo kubwa.

Nitatoa mfano wa hesabu tu. Hizi si takwimu za chuo chochote. Tuseme wanafunzi 100 wameingia mwaka mmoja katika shahada ya miaka mitatu. Miaka mitatu ikapita. Siku ya mahafali wakasimama wahitimu 90. Msikilizaji atasema, chuo hiki kinafanya vizuri, 90 kwa 100. Lakini ukiyasoma majina, utakuta kwamba 20 kati yao waliingia miaka ya nyuma, wakachelewa, na sasa ndiyo wanamaliza. Wale walioingia pamoja na kumaliza kwa wakati ni 70 tu. Wako wapi 30? Wanane bado wapo chuoni wakirudia masomo. Watano wameahirisha kwa ruhusa. Saba wameondolewa kwa kushindwa mitihani. Na kumi wametoweka. Hawakuaga, hawakuandika barua, na hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo njia ya haki ya kuhesabu ni kuchukua majina ya walioingia mwaka mmoja na kuyafuata jina kwa jina: nani amefika mwaka wa pili, nani amefika mwaka wa tatu, nani amehitimu kwa wakati, nani amechelewa, na nani hayupo. Mfugaji hawahesabu ng'ombe wanaoingia zizini jioni akatosheka kwamba ni wengi. Huuliza kama ndio wale wale waliotoka asubuhi.

Tofauti kati ya makundi hayo ni muhimu sana, maana kila kundi lina dawa yake. Anayechelewa anahitaji msaada wa masomo. Aliyeahirisha anahitaji mlango wa kurudia. Aliyeshindwa mitihani anahitaji kuelezwa kama kosa ni la juhudi au ni la kuchagua somo lisilomfaa. Lakini aliyetoweka, huyo kwanza anahitaji kutafutwa. Tukiwaweka wote katika kapu moja na kusema kwamba wameshindwa, tutakuwa tumeepa kazi ya kufikiri.

WANAOSEMA KWAMBA CHEKECHE NI LAZIMA

Wapo watu, tena wasomi, wanaosema kwamba chuo kikuu ni chekeche. Kazi ya chekeche ni kupitisha unga na kubakiza chenga. Wanasema kwamba kama kila aliyeingia atahitimu, shahada itakuwa karatasi isiyo na thamani, na siku moja tutatibiwa na daktari asiyejua tiba na kupita katika daraja la mhandisi asiyejua hesabu.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Sisemi hata kidogo kwamba mitihani ilegezwe. Chuo kitakachoamriwa kuongeza idadi ya wahitimu bila ya kuongeza walimu, vitabu na maabara kitafanya jambo jepesi kuliko yote: kitashusha alama za kufaulu. Hapo tutakuwa tumeiponya takwimu na kumwua mgonjwa.

Lakini nawauliza wenye hoja hiyo: chekeche lenu linachekecha nini? Likichekecha akili na bidii, ni chekeche la haki. Likiwa linambakiza kijana kwa sababu baba yake hakuweza kumalizia ada, au kwa sababu analala kilomita zaidi ya 30 kutoka darasani, au kwa sababu ni msichana aliyekataa matakwa ya mwenye mamlaka, basi hilo linachekecha umaskini na unyonge, na tunaowatupa humo wamo madaktari na wahandisi waliokuwa na uwezo kamili.

SABABU YA KWANZA: FEDHA

Tuanze na fedha, maana ndiyo inayotajwa kwanza na kila mzazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi yetu iliingia katika utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Maelfu ya watoto wa wakulima na wafanyakazi wamesoma kwa mikopo hiyo ambao vinginevyo wasingelikanyaga Mlimani, Morogoro wala Dodoma. Fedha ya chakula na malazi, iliyokuwa shilingi 8,500 kwa siku, iliongezwa katika miaka ya karibuni ikafika 10,000.

Hata hivyo, mkopo haumfikii kila mwombaji, na anayeupata hapati lazima gharama zote. Mwingine hupewa chakula na malazi lakini ada hupewa sehemu tu. Sehemu inayobaki ndiyo inayomkamata. Mwaka wa kwanza ukoo mzima huchanga, kwa sababu furaha bado ni mbichi. Mwaka wa pili wachangaji hupungua. Mwaka wa tatu kijana hubaki na mama yake peke yao. Asiyekamilisha ada hukwama katika usajili, na aliyekwama katika usajili hufika mahali akakosa kufanya mtihani. Kijana wa namna hiyo hakufeli. Hakuulizwa swali hata moja.

Na hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawalijui mpaka limewafika. Mkopo ni deni, na deni hilo halifutiki kwa kuacha masomo. Anayeondoka chuoni katikati huiacha shahada, lakini deni huondoka naye. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa mwenye deni hilo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mhitimu hukatwa kutoka katika mshahara wa mhitimu. Asiyehitimu anadaiwa vile vile, naye hana cheti cha kumpatia mshahara huo. Hakuna mtu anayetoka na hasara kubwa zaidi ya huyu.

SABABU YA PILI: UMBALI NA MALAZI

Ndugu zangu wa Chanika, sababu ya pili mnaijua kwa miguu yenu. Chuo kina mabweni, lakini hayawatoshi wanafunzi wote. Ni kweli kwamba Aprili 2017 yalizinduliwa Mlimani mabweni mapya yenye majengo 20, ya kulaza wanafunzi 3,840, na mabweni ya Mabibo yalikuwapo kabla ya hapo. Lakini wanaobaki nje ni wengi. Mwenye uwezo hupanga chumba Sinza, Ubungo au Changanyikeni. Asiye na uwezo hubaki kwa wazazi wake, na wazazi wake wako Chanika, Mbagala au Bunju.

Mwanafunzi huyo, akiwa na kipindi cha saa moja asubuhi, hana budi kuamka saa tisa usiku. Atapanda daladala, atashuka, atapanda nyingine, na mara nyingi ya tatu. Jioni atarudi vivyo hivyo, akiwa amesimama njia nzima. Muda anaoutumia barabarani kwa siku moja waweza kuzidi muda anaokaa darasani. Nauli nayo inakula katika ile fedha ya chakula.

Hasara ya umbali ni kubwa kuliko uchovu na nauli. Chuo kikuu hakifundishi darasani tu. Mwanafunzi hujifunza nusu ya somo lake baada ya kipindi, pale anapokaa na wenzake wakabishana juu ya swali, au anapokaa maktaba akatafuta jibu mwenyewe. Novemba 2018 ilizinduliwa Mlimani maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuweka vitabu 800,000 na kuketisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni hazina kubwa. Lakini yule anayewahi gari la Gongo la Mboto kabla giza halijaingia hana kiti katika maktaba hiyo, hata kama viti 1,000 viko wazi.

SABABU YA TATU: LUGHA NA MATAYARISHO

Sababu ya tatu haisemwi sana kwa kuwa inaona haya. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza ambacho mara nyingi hata mwalimu wake hakimtoki vizuri. Hufika chuo kikuu akiwa amekariri mengi na kueleza machache. Katika mhadhara wa watu mia kadhaa, mhadhiri husema kwa kasi, na kijana huyu huandika maneno asiyoyaelewa. Hawezi kunyosha mkono, maana anaogopa kuchekwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliiona shida hii mapema: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kiliweka mafunzo maalumu ya stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wapya. Shida ilikuwapo tangu wakati ule wanafunzi walipokuwa wachache waliochujwa sana. Sasa wanafunzi ni wengi mara nyingi zaidi, na shida imekua pamoja nao.

Pamoja na lugha kuna uchaguzi wa masomo. Vijana wengi huchagua kozi kwa kusikia kwamba ina mkopo au ina ajira, si kwa sababu wanaiweza au wanaipenda. Mwaka wa kwanza haujaisha wamekwama. Hufanya mitihani ya marudio, ile wanayoiita wenyewe sapu, na wakishindwa tena huondolewa. Kwa lugha yao, wamedisko. Neno hilo linachekesha masikioni. Nyumbani halichekeshi.

SABABU YA NNE: MASAIBU YA MSICHANA

Wasichana wana mzigo wa ziada. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka vijana wafanye kazi kwanza angalau miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu, nia yake ilikuwa njema: kumleta chuoni mtu aliyekwisha kuonja kazi na maisha ya wananchi. Lakini haikuchukua muda ikaonekana kwamba wasichana waliokuwa wakiingia walipungua, maana katika miaka hiyo ya kungoja wengi waliolewa na kupata watoto. Ndiyo sababu, baada ya muda mfupi, wao walisamehewa sharti hilo. Funzo lake ni kwamba sheria moja yaweza kuwaangukia watu wawili kwa uzito tofauti, na kwamba yafaa kuitazama takwimu na kurekebisha jambo bila kungoja miaka ishirini.

Leo msichana anayeishi nyumbani hutarajiwa kupika, kufua na kulea wadogo zake baada ya kurudi kutoka chuoni, ilhali kaka yake anasoma. Akipata ujauzito, mara nyingi yeye ndiye anayeacha masomo, si mwenzake. Na lipo ovu la rushwa ya ngono, ambalo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja waziwazi kuwa ni kosa la jinai. Msichana anayenyimwa alama kwa sababu amekataa anahesabiwa katika orodha ya walioshindwa. Orodha hiyo haisemi kweli.

SABABU YA TANO: MISUKOSUKO

Mara nyingine mwanafunzi hukatizwa masomo na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, au na mivutano mikubwa ya nchi. Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 walirudishwa makwao baada ya kuandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata. Mwaka 1978 mamia walifukuzwa kufuatia maandamano ya kupinga nyongeza za maslahi ya viongozi. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa, na masomo hayakuendelea hadi mwaka uliofuata. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda mfupi mno, baada ya masomo yao kukwama kwa mgogoro wa malipo ya walimu. Baadaye walipangiwa vyuo vingine kwa kufuata sifa zao, na si wote waliopata nafasi. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni.

Sikusudii kufufua mabishano ya nani alikuwa na haki katika kila tukio. Nataka tuone jambo moja tu: kila chuo kinapofungwa, kuna wanaorudi na kuna wasiorudi. Mwenye nyumba Dar es Salaam hurudi. Mtoto wa mkulima aliyekwisha kutumia nauli ya mwaka mzima, au aliyeanza kuuza duka akaona angalau anakula, huenda asirudi.

YAPASAYO KUFANYWA

Ndugu Mwenyekiti, kueleza ugonjwa bila ya dawa ni kumwongezea mgonjwa hofu. Nitasema juu ya pande nne.

Kwanza, vyuo. Katika vyuo vyetu vingi alama za somo hugawanyika: 40 hutokana na mazoezi na majaribio ya katikati, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Maana yake ni kwamba chuo hujua mapema nani anazama. Hakingoji mtihani wa mwisho kujua. Jaribio la kwanza la muhula wa kwanza ni kengele. Kijana aliyepata chini ya nusu aitwe wiki ile ile na mshauri wake wa masomo, aulizwe ana shida gani: ni lugha, ni fedha, ni ugonjwa, au ni uvivu. Kwa kila kundi la wanafunzi awepo mwalimu anayewajua kwa majina, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi, si hisani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuonyesha njia katika miaka ya 1990, kilipoanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana wanaotaka kusoma sayansi, ili waingie wakiwa wameimarishwa. Huko ndiko kusaidia bila ya kushusha alama.

Pili, serikali na vyombo vyake. Kila chuo, cha umma na cha binafsi, kitangaze hadharani kila mwaka si idadi ya wahitimu peke yake, bali kati ya walioingia pamoja ni wangapi wamefika mwaka wa pili na wangapi wamehitimu kwa wakati. Mzazi anayeuza shamba lake la Chanika ili amsomeshe mtoto ana haki ya kujua hayo kabla ya kuchagua. Fedha za mikopo zifike mwanzoni mwa muhula, maana shilingi inayofika baada ya mwanafunzi kukata tamaa haina kazi. Na katika kugawa mabweni, umbali wa nyumbani na hali ya mfuko vitiwe katika mizani.

Tatu, vijana wenyewe. Nawaomba mjue tofauti kati ya kuahirisha na kutoweka. Ukiugua, ukifiwa, ukikosa ada, ukijifungua, usifunge sanduku ukaondoka kimya. Andika barua ya kuomba kuahirisha masomo, ipokewe, uweke nakala, na uiarifu Bodi ya Mikopo. Karatasi hiyo moja huilinda nafasi yako. Anayetoweka bila barua huhesabiwa kuwa ameacha, na mlango wa kurudi huwa mwembamba. Kadhalika, kwa aliyekwisha kutoka, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu yake Kinondoni, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, mahsusi kwa mtu anayesoma huku anafanya kazi na kulea watoto. Kinamruhusu mwanafunzi kuchukua muda mrefu zaidi kulingana na nafasi yake. Lakini msidanganyike kwamba ni njia nyepesi. Asomaye peke yake usiku, bila ya kengele wala mwenzake wa bwenini, anahitaji nidhamu kubwa zaidi, na wengi huachia njiani kwa sababu hiyo. Anayejiunga atafute wenzake watatu au wanne hapa hapa Chanika, wakutane kila wiki.

Nne, na hapa nasema nasi wazazi. Tumezoea kuunda kamati za sherehe. Kijana akihitimu tunachanga, tunakodi muziki, tunapika pilau, tunashona sare. Si vibaya kufurahi. Lakini yule yule aliyechangiwa siku ya joho, mwaka wa pili alikuwa akitafuta fedha ya kumalizia ada, na hakuna kamati iliyoundwa. Na mwenziwe, aliyekosa fedha kama hiyo hiyo, leo hana joho la kusherehekewa. Kwa nini tusiunde kamati ya mwaka wa pili? Mtaa mmoja, kaya 50, kila kaya ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni shilingi 100,000 kwa mwezi, ni 1,200,000 kwa mwaka. Fedha hiyo haiwezi kumsomesha kijana tangu mwanzo hadi mwisho, lakini yaweza kumvusha mmoja au wawili waliokwama katika ile sehemu ya ada inayobaki.

Kadhalika, mtoto anayesoma akiwa nyumbani apewe saa zake na taa yake, msichana sawasawa na mvulana. Mzazi asingoje kuuliza utamaliza lini. Aulize katika wiki ya nane, jaribio la kwanza umepata ngapi? Hata mzazi ambaye hakusoma aweza kuuliza swali hilo, na kijana anayejua kwamba ataulizwa hutembea kwa uangalifu zaidi.

Mwisho, tuache kuwacheka waliorudi. Wapo vijana katika jiji hili walioondolewa chuoni ambao bado huaga kila asubuhi wakiwa na mkoba begani, wakashinda vijiweni, wakarudi jioni na kusema kwamba wametoka darasani. Wanafanya hivyo kwa kuogopa ulimi wa jirani na hasira ya baba. Mwaka unapita, na nafasi ya kukata rufaa, au ya kuomba upya, au ya kujifunza ufundi, inapita pamoja nao. Aibu inawagharimu kuliko mtihani walioshindwa. Nyumba ambayo kijana anaweza kusema, baba, mama, nimeshindwa somo hili, ndiyo nyumba ambayo kijana anaweza kusaidiwa mapema.

Ndugu wananchi, taifa letu limejenga vyuo vingi tangu siku zile za mtaa wa Lumumba, na mlango wa kuingilia umepanuka. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayeingia kwa haki anatoka kwa haki: ikiwa ameshindwa, awe ameshindwa katika somo, wala si katika nauli, ada au woga. Majina ya watakaoingia mwaka ujao yatakapotangazwa, tupige vigelegele kama kawaida yetu. Kisha kila mtaa wa Chanika uandike majina hayo katika daftari, na mwaka unaofuata ulifungue daftari hilo na kuuliza, jina kwa jina, yuko wapi.